OpenStreetMap Lamu: uzoefu wangu na ramani inayochorwa na wakazi

Ukienda kwenye kikao cha maoni ya wananchi, nenda na ramani. Nasema hivyo baada ya kuitumia OpenStreetMap na vijana wa mtaa wetu, Langoni, kuonyesha mitaro iliyoziba na mabomba ya maji ya watu wote.

Hii ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida. Ilianzia Uingereza mwaka 2004 na haina malipo. Kule Nairobi, Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hiyo mpaka 2009, vijana wa huko walipoingia vichochoroni na kuweka vyoo, zahanati na sehemu za kuteka maji.

Kwenye simu natumia StreetComplete, programu ya kuijazia ramani hii. Unatembea, nayo inakuuliza: njia hii ni ya mchanga au ya saruji? Kuna taa? Unajibu hata bando likiwa limekwisha, majibu yanatumwa ukipata intaneti. Jambo ambalo halimo kwenye maswali unaliachia noti, yaani maelezo mafupi, na picha. Lakini kuchora mtaro mzima, kutoka kule juu mpaka unapomwaga baharini, ni rahisi zaidi kwa kompyuta.

Shida kubwa ni mji wenyewe. Kuta za matumbawe ni ndefu, vichochoro ni vyembamba, na ukiwa chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, simu haioni mbingu kabisa wala haipati satelaiti. Umesimama Usita wa Mui, njia kuu ya mji, alama ya ulipo inakuweka ndani ya ua wa watu. Usiifuate. Hesabu milango kuanzia msikitini au njia panda, kisha sogeza alama kwa kidole. Inachosha, ila mtaro ukikaa pasipo pake hakuna atakayekuamini. Na tafadhali, usiandike jina la mwenye nyumba. Noti hizo husomwa na yeyote.

Jingine la kujua: ramani hii haipeleki malalamiko popote. Uingereza wana FixMyStreet tangu 2007. Ukiripoti shimo, ripoti inafika kwa halmashauri inayohusika. Sisi tulituma kiungo cha ramani yetu kwa ofisi moja, kimya. Basi tukaichapisha kwenye karatasi kubwa na kuibeba hadi kikao cha bajeti.

Hapo ndipo niliipenda. Wazee wasio na simu za kisasa waliizunguka meza. Bibi mmoja aliweka kidole juu ya kisima, akasema, "Si hapa, mwanangu. Maji hutuama nyuma yake, wanapopita punda." Tukasahihisha kwa kalamu palepale. Miaka ya nyuma tulikuwa tukisema tu "mitaro ni mibaya" na kujibiwa "tumesikia". Safari hii maafisa walilazimika kuuliza upi uanze, na mtaro wa nyuma ya kisima ukaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kushirikishwa ni haki yetu. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya kinalitaka bunge la kaunti lituhusishe. Na watu wa Lamu tunajua uzito wake: Juni 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ilifutwa, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Naipendekeza kwa kikundi chochote cha mtaa chenye simu hata mbili. Chapisheni kwa herufi kubwa, na kalamu ziwe za kutosha.