Laptopu Nyepesi: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski na skrini. Kwenye laptopu ya bei ndogo, ndio huohuo unaomaliza nguvu yote kabla hujafungua faili lako la kwanza. Kwa hiyo chagua mfumo kwanza, mashine baadaye.

Namba moja naipa laptopu iliyotumika yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, ukiiwekea mfumo endeshi wa Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce. Mint ni bure, inaanzia RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndiyo inayoshauriwa, na huja na kivinjari cha Firefox na LibreOffice ya kuandikia nyaraka. Tena unaweza kuijaribu kabla ya kutoa hela. Iandae kwenye flashi, ichomeke kwenye laptopu ya muuzaji, uwashe kupitia flashi hiyo. Pima Wi-Fi, sauti na kamera, bonyeza kibodi herufi kwa herufi, kisha chomoa chaja uone betri inashukaje. Ukiishia kwenye majaribio tu, diski yake haiguswi. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine. Ila kama kazi yako inadai Photoshop au Microsoft Office kamili, Linux itakusumbua.

Ya pili ni Chromebook, laptopu inayotumia mfumo endeshi wa Google uitwao ChromeOS, inayouzwa tangu 2011. Hii inaegemea wingu: nyaraka zako zinakaa kwenye seva za Google, nawe unazifikia kwa akaunti yako. Laptopu ikiibwa leo, kesho unaingia kwenye nyingine na kukuta kazi zako. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, lakini barua pepe na picha zinagombania nafasi hiyohiyo. Mtandao ukikatika, unabaki na yale uliyoyaandaa kutumika nje ya mtandao tu. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, usome tarehe ya mwisho ya masasisho. Modeli za kuanzia 2021 zimeahidiwa miaka 10, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu kizazi cha mashine kilipotoka, si tangu siku unayonunua. Ndiyo maana punguzo kubwa mimi hunitia shaka.

Ya tatu hainunuliwi. Kama una kompyuta ya Windows 10, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia kwa kawaida Oktoba 2025, jaribu ChromeOS Flex, yaani ChromeOS ya kuweka kwenye kompyuta ya kawaida; ni bure na inataka RAM ya GB 4. Usitegemee programu za Android humo.

Ya mwisho ni laptopu mpya ya Windows 11 yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya bei ndogo, yenye kasi ndogo kuliko SSD) ya GB 64. Inang'aa, ina waranti, na watu wanaikimbilia. Lakini hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na masasisho yataendelea kudai nafasi. Ukiing'ang'ania, muulize muuzaji kama RAM na hifadhi vinaongezeka. Kwenye nyingi za aina hii vimechomelewa kwenye ubao, haviongezeki.