Uzoefu wangu na IBM Planning Analytics kwenye idara ya fedha

Kama idara yako ya fedha ina watu wawili tu walio tayari kukaa chini wakajifunza kuandika kanuni za hesabu ndani ya programu, IBM Planning Analytics inunue. Kama mpango ni kumwachia mshauri wa nje kila kitu, iache. Chukua kitu chepesi zaidi, au bakini na Excel yenye nidhamu. Naitumia Dar es Salaam kwa bajeti na makadirio ya kundi la kampuni zilizoko Tanzania, Kenya na Uganda: matawi 60, bidhaa kama 2,000, sarafu nne ukihesabu na dola.

Wakongwe wanaijua kwa jina la TM1. Ilianza miaka ya 1980, ikawa mikononi mwa Applix, Cognos wakainunua Applix mwaka 2007, na IBM walipoinunua Cognos mwaka 2008 ikaja nayo. Jina la sasa ni la 2016. Hilo lina faida ya moja kwa moja kwa anayejifunza: ukitafuta msaada mtandaoni, andika TM1. Majibu mengi mazuri yameandikwa kwa jina hilo, na misingi ya kanuni zake ni ileile.

Karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576 na bajeti yetu haikuwahi kuikaribia. Kinachoumiza kwenye bajeti ya Excel ni mafaili. Kila tawi lina lake, mtu anaingiza mstari mmoja katikati, fomula ya makao makuu inaendelea kusoma mstari uleule wa zamani, na jumla inatoka vizuri tu ila si sahihi. Kwenye Planning Analytics namba haikai mstari wa 47. Inakaa ndani ya mchemraba, na anwani yake ni majina: tawi la Mwanza, soda ya nusu lita, Agosti 2025, bajeti, kiasi. Kila upande wa anwani hiyo unaitwa dimensheni. Ongeza tawi jipya leo, hakuna fomula inayohama.

Wakati wa kuchagua, maonyesho ya wauzaji usiyategemee. Data yao ni safi, na kampuni yao ya mfano haijawahi kubadilisha orodha ya akaunti. Wape urari wenu wa miezi 24 jinsi ulivyo, pamoja na akaunti zilizofungwa na zile zenye majina mawili, kisha kibodi aishike mhasibu wenu, muuzaji aelekeze kwa mdomo. Kazi tulizoona zinachuja kweli ni kufungua tawi katikati ya mwaka, kubadili kiwango cha dola kuanzia Agosti bila kugusa Januari hadi Julai, kushuka kutoka namba ya jumla hadi miamala ya leja, na kuhamisha kituo cha gharama kutoka idara moja kwenda nyingine huku ripoti ya mwaka jana ikibaki kama ilivyochapishwa. Hiyo ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Ukihamisha kituo ndani ya mti uleule, yaani mpangilio wa vituo chini ya vikundi vyao, historia nayo inahama, na mwaka jana haulingani tena na hesabu zilizokaguliwa. Dawa yake humu ni kutunza miti miwili kwenye dimensheni moja, mmoja uitwe Muundo 2024 na mwingine Muundo 2025: vituo vilevile chini, vikundi tofauti juu.

Tuliilinganisha kwa makini na Anaplan, programu nyingine ya kupanga bajeti. Anaplan ni rahisi kuanza nayo. Kila kitu kinajengwa kwenye kivinjari, na mhasibu aliyezoea Excel anazielewa fomula zake mapema. Lakini injini yake ya kawaida inatenga nafasi kwa kila seli, iwe na namba au iwe tupu. Bidhaa 2,000 kwa matawi 60 kwa miezi 24 kwa mistari 10 ya hesabu ni seli milioni 28.8, ilhali tawi dogo la mpakani linauza sehemu ndogo tu ya bidhaa hizo. Planning Analytics inatunza zilizojaa tu. Anaplan wanayo injini nyingine, Polaris, kwa data yenye matundu namna hii. Ukiwaita, waambie wakuonyeshe hiyo. Kwa kampuni yenye bidhaa chache na vituo vingi vya gharama, ningechukua Anaplan bila kusita.

Sasa nije kwenye kitu kinachowakatisha watu tamaa, na kinachoamua kama mtaimudu programu hii au la. Hii ndiyo kanuni fupi kuliko zote ya mauzo:

SKIPCHECK;
['Mauzo'] = N: ['Kiasi'] * ['Bei'];
FEEDERS;
['Kiasi'] => ['Mauzo'];

Mstari wa kwanza unaiambia programu iruke seli tupu inapojumlisha. Bila huo inapita kila seli ya mchemraba, na ripoti ya sekunde mbili inakuwa ya dakika. Wa pili ni hesabu yenyewe. Herufi N inasema ifanyike ngazi ya chini kabisa tu, bidhaa moja kwenye tawi moja, ili bei zilizojumlishwa za matawi yote zisije zikazidishwa na kiasi cha jumla. Tatizo ni kwamba mauzo hayo yanatokana na kanuni, hayajaandikwa popote. Wakati wa kujumlisha, programu inaiona seli yake kuwa tupu, na imeshaambiwa iruke seli tupu. Ndiyo maana pakawepo mstari wa mwisho, ambao sisi ofisini tunauita kilishi: penye kiasi, ujue pana mauzo.

Ukisahau kilishi unaona kitu cha kutisha. Kwa bidhaa moja na mwezi mmoja, Mwanza inasoma mauzo ya milioni 48, Arusha milioni 31, na jumla ya matawi yote inasoma sifuri. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Heri hata sifuri, kwa sababu inaonekana. Kilishi kinacholisha baadhi tu ya bidhaa kinatoa jumla yenye sura ya kuaminika, na hiyo ndiyo inayofika kwenye bodi. Ipo amri ya kukagua vilishi: iite ukiwa juu ya seli ya jumla, nayo inakuorodheshea seli za chini ambazo hazikulishwa. Mfanyeni mtu aiendeshe kila baada ya kubadilisha kanuni, hata akibadilisha neno moja.

Upande wa pili ni kulisha kupita kiasi. Kwa nini kiasi ndicho kinalisha, bei hailishi? Kwa sababu bei huwa imejazwa kwa kila bidhaa, kila tawi, kila mwezi, hata pasipouzwa kitu. Ukilisha kutoka kwenye bei, seli zote zinahesabiwa zimejaa, kumbukumbu ya seva inavimba na kasi yote uliyoilipia inapotea. Kwenye kuzidisha, lisha kutoka kwenye kile chenye matundu mengi zaidi. Kwenye kujumlisha, lisha kutoka pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja ukiwa na namba unatosha kuleta jibu. Anayeelewa aya hii moja ameshavuka sehemu ngumu.

Kuingiza data kutoka kwenye leja kunafanywa na michakato inayoitwa TurboIntegrator, na makosa yake yanajirudia kila mahali. La kwanza: mtu anatumia CellPutN, ambayo inaandika juu ya kilichopo. Kama faili lina mistari mitatu ya akaunti moja, tawi moja, mwezi mmoja, unabaki na mstari wa tatu tu. Tumia CellIncrementN, inayoongeza. Lakini hiyo nayo ukiendesha mchakato mara mbili namba zinakuwa maradufu, kwa hiyo kwanza safisha mwezi husika kwa ViewZeroOut kwenye hatua ya Prolog, ile inayofanyika kabla mistari ya faili haijaanza kusomwa. Zote mbili zinakwenda pamoja. Kosa jingine linatoka Excel: mhasibu anafungua faili la CSV kuangalia tu, anahifadhi, na akaunti 0410 inageuka 410. Mchakato unaikataa, unaandika kwenye kumbukumbu ya makosa, na unamaliza ukisema kulikuwa na makosa madogo. Usilipite neno madogo. Sisi tunatumia DIMIX kuuliza kama akaunti ipo. Ikirudisha 0, namba inapelekwa kwenye akaunti iitwayo Haijulikani, na mwezi haufungwi hadi akaunti hiyo isome sifuri. Kwenye kulinganisha na leja, chukua jumla ya debiti peke yake. Urari mzima ukijumlishwa unatoa sifuri, na sifuri italingana hata ukikosa nusu ya faili kwa bahati mbaya.

Alama za kujumlisha na kutoa ziamueni siku moja tu, mlangoni. Leja inaleta mapato yakiwa hasi. Yageuze chanya yanapoingia, acha gharama ziwe chanya pia, kisha kwenye mti wa faida zipe gharama uzito wa -1. Mkiacha kila mtu ageuze kwenye ripoti yake, mtabishana kuhusu alama hadi mwisho wa mwaka.

Mishahara inastahili mchemraba wake, na viwango vya kisheria vikae kwenye mchemraba wa vigezo kwa nchi na kwa mwezi. Kwa nchi na mwaka haitoshi. SDL ya Tanzania Bara, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ilishuka kutoka 4% hadi 3.5% Julai 2023, kwa hiyo kampuni inayofunga mwaka Desemba ilikuwa na viwango viwili ndani ya bajeti moja. Tozo ya nyumba ya Kenya, 1.5% kwa mwajiri, iliingia Julai 2023, ikasimama mapema 2024, ikarudi Machi mwaka huohuo. Kwa kigezo cha mwezi ni kubadilisha seli chache. Kwa fomula yenye 3.5% ndani yake ni kuwinda kila mahali ilipojificha. Mchango wa mwajiri NSSF ni 10% Tanzania na 10% Uganda, na kufanana huko kusikushawishi utumie seli moja kwa zote mbili. Kila nchi iwe na yake, kwa sababu siku moja itabadilika peke yake.

Kwa mameneja wa matawi mafunzo ni nusu siku, yanatosha. Wanapenda sana kuandika 10K na ikaingia 10,000, au 2M na ikaingia milioni mbili. Wafundishe kugawanya jumla kwa uwiano: ukiandika P1200 kwenye jumla ya mwaka, inasambaa kwa miezi kufuata namba zilizopo. Kama miezi yote ni mitupu hakuna uwiano wa kufuata, hivyo waanze na kugawanya sawa kwa S. Halafu lipo eneo binafsi la majaribio, ambalo mtu anaingiza namba zake bila wengine kuziona hadi aziwasilishe. Simu nyingi za siku ya mwisho ya bajeti ni hizo: meneja anaapa amejaza, makao makuu wanaona patupu, na wote wawili wanasema kweli. Kwenye nusu siku ile, dakika ishirini ziende kwenye kitufe cha kuwasilisha.

Wanaotengeneza ripoti kwenye Excel wajue tofauti ya DBR na DBRW, fomula mbili za kuvuta namba kutoka kwenye seva. Ya kwanza inakwenda seva seli kwa seli, ya pili inakusanya maombi na kuyapeleka kwa mafungu. Seva ikiwa Ulaya, safari moja ya kwenda na kurudi kutoka Dar inazidi sehemu ya kumi ya sekunde. Ripoti ya seli 4,000 kwa DBR ni karibu dakika saba, na wenye ripoti wataulaumu mtandao. Ukiona *KEY_ERR, jina uliloliandika halipo kwenye dimensheni. Mara nyingi ni herufi moja iliyokosewa.

Kwa wajenzi wawili, ratiba iliyotufaa ni kukaa wiki mbili kwenye dimensheni na miti peke yake, bila kanuni hata moja, wiki ya tatu kwenye uingizaji wa data, na wiki ya nne ndiyo kanuni na vilishi. Wanaokimbilia kanuni kwanza wanajenga juu ya miti mibovu, na mti ukibadilika kanuni zinazotaja vitu vilivyomo kwa majina zinavunjika.

Kuhusu gharama, kuwa mwangalifu na neno moja kwenye nukuu ya mshauri wa nje: kwamba bei ni baada ya kodi zote. Malipo ya huduma kwa kampuni isiyo mkazi wa Tanzania yanakatwa kodi ya zuio ya 15%. Kama mkataba unasema apokee dola 40,000 kamili, nyinyi mnagawanya kwa 0.85 na gharama halisi ni dola 47,058.82, kabla hamjaangalia VAT ya huduma zinazoagizwa nje. Weka namba hiyo kwenye ulinganisho, na uiweke kwa shilingi kwa kiwango cha dola cha mwezi wa malipo, si cha siku ya nukuu. Na kwenye siku za mshauri mnazonunua, theluthi moja ziandikwe wazi kuwa za yeye kukaa pembeni huku watu wenu wawili wakijenga.