TAHADHARI: Kuna wanaouza MP3 kwa bei ya WAV

Wasanii na maprodyuza wenzangu, kama kuna fundi wa mtandaoni anayekufanyia miksi (kuchanganya sauti na ala) na masta (kuung'arisha wimbo wa mwisho) na bado hujammalizia salio, soma hapa kwanza. Kuna muuzaji anayetangaza "masta kamili, WAV ya biti 24", yaani faili lenye sauti yote bila kupunguzwa, na anachokuletea ni MP3 iliyogeuzwa, yaani faili lililokandamizwa kwa kutupa sehemu ya sauti. Simtaji jina kwa sababu akaunti za namna hii hubadilishwa jina kila zikichafuka, na mchezo wenyewe unachezwa na wengi. Wasanii kadhaa wameniletea faili za aina hii, na imeniuma sana kuona jasho lao limefika likiwa limekatwa sauti nyembamba za juu.

Mchezo uko hivi. Anatoa wimbo kwenye programu yake kama MP3, au anaupitisha kwenye huduma ya kumasta kwa mashine inayotoa MP3 bure na kudai hela kwa WAV. Kisha anaifungua MP3 hiyo na kuihifadhi upya kama WAV. Jina la faili sasa linaishia na .wav, na uzito wake ni ule ule wa WAV ya kweli. WAV ya stereo ya 44.1 kHz na biti 24 ni karibu MB 16 kwa dakika, wakati MP3 ya kbps 320 (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde) ni MB 2.4 tu. Kwa hiyo mteja anaona wimbo wa dakika tatu na nusu una MB 55, anaridhika, analipa. Ukubwa wa faili hauthibitishi chochote, jamani. Kilichotupwa na MP3 hakirudi hata ukiihifadhi kwa biti 32 na 96 kHz, na hizo namba kubwa ndizo anazotumia kukuongezea bei.

Kumnasa si kazi. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ubadilishe mwonekano wa wimbo uwe wa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Hakikisha kipimo cha juu kimefika 22,000 Hz. Kikiwa kimeachwa 8,000 hutaona kitu. Sasa tazama sehemu za kiitikio ambapo matoazi na haihati zinapiga kwa nguvu. WAV halisi hufifia polepole kuelekea juu, na kila toazi linapopigwa linarusha mstari uliosimama hadi karibu na kilele. MP3 ya kbps 128 hukatwa karibu na 16 kHz (yaani 16,000 Hz), na inaonekana wazi: mstari mmoja wa kulala, chini yake rangi, juu yake weusi mtupu, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ile ya kbps 320 hukatwa karibu na 20 kHz, hivyo hiyo inahitaji jicho zaidi.

Usimhukumu mtu kwa haraka, lakini. Kama wewe mwenyewe ulimpa mdundo wa MP3, matoazi ya mdundo yataishia kwenye mstari huo na hana kosa. Angalia sauti yako: ukitamka "s" au "sh", mlio wake unapaswa kuuvuka mstari. Ukikatika hapo hapo pamoja na matoazi, na vokali zako (sauti yako ya kuimba) ulimtumia kama WAV safi, basi kilichokatwa ni miksi nzima na aliyekata ni yeye.

Kipimo kingine ninachokiamini zaidi: wengi wao hukutumia kwanza MP3 ya kusikiliza, halafu "WAV" baada ya malipo. Ziweke zote mbili kwenye programu yako, zipange zianze sawasawa kabisa, kisha geuza fezi ya moja (mawimbi yake yapinduliwe juu chini, ili vinavyofanana vifutane) na uzicheze pamoja. Kama WAV ni ya kweli, utasikia mabaki, mchakacho mwembamba wa matoazi na pumzi, yaani vile MP3 ilivyovitupa. Ukikuta kimya kitupu, ujue umeuziwa faili ile ile mara mbili.

Msikubali kuambiwa "hakuna anayesikia tofauti". Majukwaa ya muziki huukandamiza wimbo upya yenyewe. Spotify, kwa mfano, mara nyingi hutumia Ogg Vorbis, aina nyingine ya ukandamizaji. Ukipeleka kilichokwisha kukandamizwa, kinakandamizwa mara ya pili, na hapo ndipo matoazi yanaanza kuwa na sauti ya majimaji. Na masta yake ikikuvutia kwa kuwa na sauti kubwa tu, kumbuka Spotify huishusha hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukubwa ule unaondoka, ubapa wa limita, kifaa kinachobana vilele vya sauti, unabaki.

Mwingine wa kuogopwa ni anayefanyia kazi programu za majaribio. Plagini (programu ndogo za kuongezea) nyingi za majaribio hukata sauti au kutia kelele kila baada ya muda, na hilo linaingia kwenye faili. Sikiliza wimbo wote kwa hedifoni, hasa penye ukimya. Tena FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ikiwa ya majaribio inaruhusu kuhifadhi mradi na kutoa WAV, ila mradi uliohifadhiwa haufunguki tena hadi leseni inunuliwe. Ukimwomba ashushe vokali kidogo akajibu kila mara kwamba mradi "umeharibika", jiulize anatumia nini.

Kabla ya kutoa hela, mwandikie waziwazi: WAV itolewe moja kwa moja kwenye mradi, biti 24, kwa kiwango kile kile cha kHz ulichorekodia, na stemu zote (faili za kila sehemu ya wimbo peke yake) zianzie sekunde sifuri. Omba kwanza sekunde 30 za kiitikio kwa WAV hiyo uzipime. Fundi wa kweli anazitoa bila maneno. Kwa ambao tayari wameliwa: msifute faili wala mazungumzo, pigeni picha ya spektrogramu, na kama mlilipa kupitia jukwaa linaloshikilia hela, fungueni malalamiko kabla hamjabonyeza kwamba mmepokea kazi.