Jumamosi nane za tamthilia mpya ya Kigiriki mjini Moshi: maoni ya mshiriki

Wiki iliyopita nilimaliza kozi ya Jumamosi nane inayotolewa hapa Moshi na mhadhiri mstaafu wa sanaa za maonyesho, Mtanzania aliyesomea Ugiriki na ambaye maisha yake ya kazi yamekwenda katika mambo mawili: tamthilia ya Kigiriki iliyoandikwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na maonyesho ya jukwaani kwa ajili ya watoto na vijana. Ada ni shilingi 120,000, pamoja na chai na nakala za masomo, na darasa hufanyika katika ukumbi wa kukodi, hatua chache kutoka Double Road. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na mlezi wa klabu ya maigizo, na nilijiandikisha nikidhani nitasikia habari za Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, na wafalme waliolaaniwa na miungu.

Badala yake, somo zima la kwanza lilihusu ua wa nyumba ya kupanga. Iakovos Kambanellis, aliyenusurika katika kambi ya mateso ya Mauthausen, aliandika tamthilia ambayo jina lake tunaweza kuliita "Ua wa Maajabu", na mwongozaji Karolos Koun akaipandisha jukwaani Athens mwaka 1957. Wapangaji maskini wanaishi katika vyumba vinavyotazamana, wanagombana, wanapendana kwa siri, wanaota safari za ng'ambo, hadi wanapoondolewa ili pajengwe ghorofa. Mwalimu hakutueleza maana ya tamthilia hiyo. Alitugawia karatasi, akamtaka kila mmoja achore ua aliokulia. Mwenzetu aliyekulia Majengo alichora bomba moja, kamba tatu za nguo, mlango wa choo uliofungwa kwa waya, na kigoda cha mama mwenye nyumba, kilichowekwa mahali ambapo angeweza kuhesabu ndoo za kila anayepita. Tulizungumzia kigoda hicho kwa muda wa saa nzima: nani hukikalia mwenyewe akiwa sokoni, nani hukisogeza, nani hathubutu hata kukigusa. Nimefundisha tamthilia teule kwa miaka kumi na moja na sijawahi kuona mandhari yakifundishwa vizuri namna hiyo.

Kuanzia Jumamosi ya nne tuliingia katika michezo ya watoto, na hapo ndipo palipo na uzito wa kozi hii. Mwalimu alianza na Karagiozis, kikaragosi wa kivuli ambaye Wagiriki walimpokea kutoka kwa Waturuki: mwenye kibiongo, pekupeku, mkono mmoja mrefu kupita kiasi, njaa haimwishi, kibanda chake upande mmoja wa pazia na kasri la Pasha, mtawala wa Kituruki, upande wa pili. Aliyekulia katika visa vya Abunuwasi hahitaji kutambulishwa zaidi. Watoto wapatao ishirini wa shule ya awali ya jirani walialikwa, shuka jeupe likatundikwa, nasi tukaamriwa tukae tukilipa shuka kisogo na kuwatazama watoto, kila mshiriki akiandika habari za mtoto mmoja tu. Wangu alikuwa mvulana wa miaka mitano hivi. Karagiozis alipoiba mkate, mvulana alisimama, akafungua kinywa, kisha akageuka kwanza kumwangalia mlezi wake kama inaruhusiwa kucheka. Nilipoisoma sentensi hiyo darasani, mwalimu alisema kwamba ndiyo kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, kutafuta ni kitu gani jukwaani kinachomfanya mtoto asiombe ruhusa. Umeme ulikatika katikati ya onyesho, akawasha chemli, na vivuli vikawa bora kuliko vya awali.

Alitusimulia pia habari za Xenia Kalogeropoulou, mwigizaji wa filamu aliyeanzisha jukwaa la watoto liitwalo Mikri Porta, yaani Mlango Mdogo, mwaka 1972, na aliyeandika mchezo ambao jina la shujaa wake limeunganishwa kutoka kwa Odysseus, msafiri wa hadithi za Wagiriki wa kale, na Sindbad. Wajukuu wa Alfu Lela Ulela tuliokuwamo ukumbini tulifurahi sana.

Mapungufu yapo. Nakala mbili kati ya sita zilikuwa za Kigiriki kitupu, kwa herufi zao, na kwa ada hiyo mtu anastahili tafsiri. Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba mradi wa Tuseme, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na kuwapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema yanayowasibu, haukutajwa mpaka mshiriki mmoja alipouliza, ilhali ni jibu letu wenyewe kwa swali lilelile. Nusu saa iliyotengwa kwa wanaotaka kuifanya fani hii kuwa taaluma ilikuwa fupi mno, ingawa mwalimu hakumdanganya mtu: lugha ya Kigiriki kwanza, kisha idara za sanaa za maonyesho za Athens, Patras au Nafplio, tena wataalamu wengi wa michezo ya watoto utawakuta katika idara za ualimu wa awali, na ukirudi nyumbani, milango ya kubisha ni michache, Dar es Salaam na Bagamoyo zikiwa mbele. Kwaya ya chumba cha pili nayo hufanya mazoezi saa hizohizo.

Cheti hakitolewi, kwa hiyo anayekihitaji asipoteze nauli. Mkondo ujao unaanza baada ya likizo ya Juni. Nunua daftari lisilo na mistari, maana utachora zaidi ya utakavyoandika, na uwahi kiti cha mbali na ukuta wa kwaya.