Wamenikatia kitambaa cha mfarishi mbele ya macho yangu

Kushona wanajua, hilo nalisema mapema kabla hasira hazijanipanda. Lakini aliyewekwa mlangoni kupokea kazi hana ujuzi wala adabu, na karakana hii ya kushonea mifarishi kwa mashine, hapa mjini Unguja, siipi hata nyota moja mpaka wamfundishe au wamtoe.

Mfarishi wenyewe, lile tandiko la vitambaa lenye pamba katikati, ni wa mwanangu anayeolewa Chake Chake. Uso nimeuunga kwa vipande vya kanga za marehemu mama, mji na pindo, na majina mawili nimeyaacha mazima yasomeke. Kanga kuukuu hazichuji tena, lakini marekani, kitambaa cha chini, ilikuwa mpya, nikaifua kwanza isije ikanywea baadaye. Kila mshono niliupiga pasi ukalala. Nyuzi zinazoning'inia nyuma nilizikata zote, maana uzi mweusi ukibaki chini ya kipande cheupe unaonekana kwa mbele. Nikapima katikati na kingo zote mbili, vipimo vikalingana, kwa kuwa uso unaocheza kingo hutoa mikunjo chini ya sindano. Na vitambaa sikuvishikiza pamoja kwa pini wala uzi, kwani mashine yao kubwa ya kushonea mifarishi huvipandisha kimoja kimoja: cha chini kinafungwa kwenye rola, pamba inatandazwa, halafu uso.

Kitambaa cha chini nilikiacha kizidi inchi nne kila upande. Inchi hizo ndizo zinazoshikwa na rola mbele na nyuma na vibanio pembeni, na sindano ikishaanza kwenda, kitambaa hujivuta kwa ndani. Bila ziada hakuna kazi.

Basi yule kijana akaikunjua marekani yangu mezani, akaweka uso juu yake, akachukua mkasi. Nikadhani anakata uzi. "Bi mkubwa, hapa umezidisha," na mkasi ushatembea! Nikapiga ukelele, hakusimama mpaka alipofika kona. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ndiyo sehemu ya kushikia mashine. Akanijibu bila hata kuniangalia: "Wenye mashine ni sisi. Wewe kaa." Kaa! Kijana ninayeweza kumzaa, mkononi ameshika kitambaa changu alichokiharibu, ananiambia kaa. Hakuna samahani, hakuna pole.

Fundi alipotoka ndani akautazama ule upande, akanyamaza, kisha akasema hivi hakipandi. Ikabidi aunge ukanda wa kitambaa kingine pale palipokatwa.

Walinichelewesha kuliko walivyoahidi, na harusi ipo mwishoni mwa mfungo mosi, kwa hiyo siku ya kuuchukua nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Wakaukunjua. Mashaallah, kazi ile! Mishono imepita kwa mawimbi yaliyolingana, hakuna kunyanzi hata moja juu wala chini, na kwenye majina ya kanga fundi amepita pembezoni tu, herufi zote zinasomeka. Nilimwombea dua pale pale. Nilikuwa tayari kuwasamehe wote, hata yule kijana, na kuwaambieni mkimbilie huko na mifarishi yenu.

Halafu nikapewa risiti. "Kuunga kitambaa cha chini", na bei yake peke yake! Wakate wao, nilipe mimi? Nilipouliza, yule yule kijana akasema kitambaa kilikuja kifupi. Kifupi! Na fundi yupo ndani anasikia, kimya. Nikalipa kwa sababu mfarishi ulikuwa bado mikononi mwao na boti ya Pemba haimngoji mtu.

Mwenye haja aende, fundi ni hodari kweli. Amtake fundi mwenyewe atoke, na kitambaa asikiachie mpaka kifike mkononi mwake, na kwenye ile ziada aandike kwa chaki: USIKATE. Mimi sijui kama nitarudi. Pesa yangu ya kuunga ipo pale na naidai, na yule kijana sijamsikia akiniomba radhi.