Lenzi ya 50mm f/1.8: kama unapiga sura za watu, anza na hii

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama unapiga watu, namaanisha nyuso, sio majengo wala mandhari, na una hela ya kuongeza lenzi moja tu juu ya ile iliyokuja na kamera, chukua 50mm f/1.8. Hiyo 50mm inaonyesha lenzi inavuta vitu karibu kiasi gani, na f ni uwazi wa tundu lake, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Karibu kila kampuni inayo ya kwake na mara nyingi ndo ya bei ya chini kuliko zote kwenye orodha yao, halafu nyepesi, nyingi ziko gramu 200 au pungufu. Ninayotumia mimi ni ya mtumba, naitumia Tanga hapa kwa picha za familia, send-off, harusi na wazee wanaotaka picha ya kuacha ukutani. Naandika kwa upande wa sura tu, yaani inasaidia vipi hisia ya mtu ionekane, maana mambo ya makali ya pembeni ya fremu na vipimo vya maabara wengine wameshaandika sana.

Watu wakiisifia hii lenzi wanasifia jinsi backgraundi inavyofifia. Sawa, inapendeza, ila faida kubwa sio hiyo, faida ni mwanga. Hisia usoni haikai, inapita. Lenzi ya kit, yaani ile iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka 50 unabaki na f/5 au f/5.6, sasa uko sebuleni kwa watu, dirisha moja, pazia zito, shata (kile kinachofunguka na kufunga kupiga picha) inashuka mpaka 1/20 ya sekunde na kwa spidi hiyo mtu akianza tu kucheka mdomo na mashavu vinatoka na michirizi, kwahiyo unajikuta unamwambia "tulia hapo hapo, usitikisike", naye anatulia kweli, na akishatulia hivyo hisia imeondoka unabaki na sura ya kitambulisho. F/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Chumba kile kile unapiga kwa 1/200, mtu anaendelea na stori zake, anamgeukia mjukuu, anacheka katikati ya sentensi, na wewe unachukua. Flashi ya nini tena, ambayo ikiwaka mara moja tu mzee anaanza kuisubiri iwake tena na macho anayakaza.

Halafu kuna suala la umbali. Ukimpiga mtu karibu sana kwa simu, pua inakua kubwa na masikio yanakimbilia nyuma, na hapo kosa ni la umbali, sio la pua yake. Kwenye kamera zenye sensa ndogo (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), ambazo ndo wengi tunazo, 50mm inavuta karibu zaidi, inaona kama lenzi ya 75mm au 80mm hivi, kwahiyo kwa kichwa na mabega unasimama mita moja na nusu mpaka mbili. Huo umbali mi naupenda sana kwa sababu ndo umbali wa watu wawili wanaoongea bila kupaza sauti. Lenzi ya 85mm watu wanaisifia, na kweli ni nzuri, ila kwenye kamera hizi inakurudisha nyuma mpaka unagonga ukuta wa chumba, na ukiwa mbali huwezi kumuuliza bibi wa watu kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu wa kwanza ulimzalia wapi?" Hapo ndo uso unafunguka, sio kwa kumwambia "cheka kidogo".

Nimesema "cheka kidogo" kwa makusudi, maana ndo amri inayoharibu picha nyingi kuliko lenzi mbovu. Kuna daktari wa Kifaransa, Duchenne, mwaka 1862 alichapisha picha za nyuso alizokuwa anazichokoza kwa umeme, msuli mmoja mmoja, kuona upi unaleta hisia gani. Alichokiona ni kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo unaweza kuuamrisha, ila ule unaozunguka jicho kwa kawaida unakuja wenyewe mtu akifurahi kweli. Angalia picha zako: funika mdomo kwa kidole, ubaki na macho. Kama shavu limepanda, jicho limebana kidogo na kuna mikunjo kwenye kona yake, huyo alicheka. Kama macho yako vile vile kama ya picha ya pasipoti, mdomo peke yake ndo ulitii. Huzuni nayo naitafuta kwenye nyusi kwanza, zile ncha za ndani zinainuka kidogo hata kama mtu anajitahidi kutabasamu. Mama wa bibi harusi siku ya send-off ana sura hiyo hiyo, mdomo unacheka na nyusi zinalia, na mi kwangu hiyo ndo picha ya siku nzima.

Ndo maana nasisitiza fokasi iwe kwenye jicho, na mtu nimkalishe karibu na mlango au dirisha, uso ukielekea nje, ule mwanga mdogo uonekane ndani ya mboni. Kwa ngozi zetu nyeusi hii ni muhimu zaidi, kwa sababu ukimweka mtu jua la saa sita mchana macho yanazama kwenye kivuli cha nyusi na chochote alichokuwa anakisema kwa macho hakisomeki. Kivuli cha baraza kinatosha kabisa.

Jambo lingine ambalo nadhani linatuhusu sana: sura isiyocheka sio sura isiyo na hisia. Wazee wengi wakikaa mbele ya kamera wananyooka, mikono magotini, wanakutazama moja kwa moja. Ile ni heshima, anajiweka vile anavyotaka wajukuu wamkumbuke. Bibi harusi anayeinamisha macho hivyo hivyo, usimlazimishe meno. Mpige alivyo, halafu endelea kuongea, kikija kicheko utakipata na mwenyewe atachagua.

Na hilo la kuchagua ni zito kuliko tunavyolichukulia. Mpiga picha Yousuf Karsh alipompiga Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kule Ottawa, Kanada, mwezi Desemba 1941, alimchomoa sigara nene (cigar) mdomoni, mzee akakunja uso kwa hasira, shata ikalia. Dunia ilikuwa vitani, watu wakausoma uso ule kama uso wa nchi isiyokubali kushindwa. Muda mfupi baadaye Karsh akampiga nyingine, Churchill anatabasamu. Mtu yule yule, chumba kile kile, na tunayoikumbuka ni ile ya sigara. Kwahiyo ukirudi na fremu kibao za mtu mmoja, unayomkabidhi ndo itakayosema yeye ni nani, na wakati mwingine itasema kitu ambacho hakuwa anakihisi kabisa. Mi namwonyesha mwenyewe kwanza kabla sijagusa kuediti, akisema "hapa sio mimi" naiacha hata kama mwanga wake ni mzuri kiasi gani.

Mapungufu ya hii lenzi yapo. Ukiifungua yote f/1.8 na umesogea mpaka mita moja, sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimita 3 tu, akigeuza kichwa kidogo jicho moja linakuwa kali na la pili limefifia. Kwa kicheko ni mbaya zaidi maana mtu akicheka anaenda mbele na nyuma. Rudi mita moja na nusu, weka f/2.8, unapata karibu sentimita 10 na uso mzima unaingia. Zile za zamani mota yake inalia na fokasi inahangaika gizani, ukumbini kwenye taa za rangi utapata shida. Dirisha likiwa nyuma ya mtu picha inapauka. Zumu haina, picha ya ukoo mzima kwenye chumba kidogo sahau, tumia ile ya kit.

Kwa mwenye bajeti ya studio na vyumba vikubwa, 85 itampa zaidi. Kwa tunaofuata watu majumbani kwao, hii, bila kusita.

Ukinunua ya mtumba, na hasa huku pwani, Tanga, Dar, Unguja, ishike uimulike na tochi ya simu upande wa nyuma, uangalie ndani ya kioo kama kuna vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Huo ni ukungu wa unyevu, unaendelea kukua na kuusafisha ni gharama. Ifunge kwenye kamera, jaribu fokasi karibu na mbali, piga sura ya muuzaji mwenyewe kwa f/1.8 afu vuta picha uone kope. Kope zikihesabika, lipa.