Diploma ya IB baada ya Kidato cha Nne: inamfaa nani, na nani aiache

Tuanze na wa kuiacha. Mwanafunzi wa Tanzania anayelenga udaktari Muhimbili au uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambaye kwao italazimu kuuza kiwanja ili ada ilipwe, hana sababu ya kujiunga na IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa). Kidato cha Tano na cha Sita kitamfikisha huko huko kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo, tena bila kupeleka cheti NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kulinganishwa. Kwa Mkenya hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, tayari amefika mlangoni mwa chuo kikuu na KUCCPS, chombo cha serikali cha kugawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi kwa matokeo hayo hayo. Kwake yeye IB ni miaka miwili mingine ya ada kabla ya chuo. Asiyelenga chuo cha nje ana sababu chache za kuilipia.

Waliobaki, yaani wanaolenga Uingereza, Marekani, Kanada au bara la Ulaya, au waliopata ufadhili, wasome kwa makini, maana bidhaa hii ni nzuri ila ina masharti mengi ambayo vipeperushi vya shule huyataja kijuujuu.

Diploma hii ilianzishwa Geneva mwaka 1968 na husomwa kwa miaka miwili. Mwanafunzi huchukua masomo sita: lugha anayoimudu kwa kiwango cha fasihi, lugha ya pili, somo la jamii kama historia, uchumi au jiografia, somo la sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au somo jingine kutoka makundi yaliyotangulia. Matatu husomwa ngazi ya juu, HL, na matatu ngazi ya kawaida, SL. HL hupewa saa 240 za darasani na SL saa 150, kwa hiyo masomo peke yake ni saa 1,170, na bado hujaweka TOK (Theory of Knowledge, nadharia ya maarifa) yenye saa 100. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Sita mara saba ni 42, na TOK pamoja na insha ndefu huongeza hadi 3, jumla 45. Wastani wa dunia huzunguka 30, kwa hiyo mtoto mwenye 32 hajafeli, hata kama jirani anashangaa mbona hakupata 45.

Aliyezoea tahasusi ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza) atashtuka hapa. Hakuna kuikimbia hisabati, na hakuna kuikimbia lugha. Mpenda fizikia atachambua mashairi kwa miaka miwili. Mpenda historia atafanya takwimu. Kwa kijana ambaye bado hajajua anataka nini, upana huo ni faida kubwa. Kwa yule mwenye kipaji kikali cha upande mmoja na udhaifu mkubwa wa upande mwingine, A-level ya Cambridge yenye masomo matatu itampa matokeo mazuri zaidi kwa jasho lile lile. Walimu wa shule zenye mitaala yote miwili wanalijua hili, ila usitegemee wakwambie siku ya kutembelea shule.

Uamuzi wenye uzito kuliko yote ni HL tatu. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuchagua fizikia, kemia na hisabati zote HL kwa sababu tu zinasikika za heshima. Mchanganyiko huo unamfaa anayekwenda uhandisi na aliyekuwa akipata A bila kusukumwa. Anayetaka udaktari anahitaji kemia HL, na kwa kawaida baiolojia HL. Ya tatu iwe ile atakayopata 6 au 7. Oxford, kwa mfano, huomba 39 kwa udaktari, huku HL zikiwa 7, 6 na 6. Somo la tatu linalokupa 4 linaweza kukufungia mlango huo hata kama mawili ya kwanza ni 7. Shule nyingi huruhusu kubadilisha somo majuma machache ya mwanzo tu. Kushuka kutoka HL kwenda SL baadaye huwezekana mara nyingi. Kupanda ndiko kugumu.

Hisabati ina kozi mbili, na hapa wengi hukosea kwa kutojua. Ya kwanza huitwa AA: aljebra, fanksheni, kalkulasi na uthibitisho. Ya pili ni AI: takwimu, modeli na matumizi ya kikokotoo. Zote zina SL na HL. Idara nyingi za uhandisi, fizikia na uchumi katika vyuo vinavyochuja sana hutaka AA HL. AI SL inatosha kwa sheria, lugha na sehemu kubwa ya sayansi za jamii, lakini ukigeuza nia mwaka wa pili na kutaka uhandisi, umechelewa. Mtaala wa Basic Mathematics wa Tanzania hauna kalkulasi, kwa hiyo anayetoka huko bila Additional Mathematics aingie AA HL akiwa ameshajifunza kutofautisha (differentiation) fanksheni rahisi na kuchezea logarithimu bila kusita. Muda upo: matokeo ya Kidato cha Nne hutoka Januari na shule nyingi za kimataifa huanza Agosti. Aliyefanya hisabati ya kawaida ya KCSE tayari ameonja kalkulasi.

Halafu kuna kikokotoo. Kile cha sayansi cha kawaida hakitoshi. Kinahitajika cha kuchora grafu, mfano Casio fx-CG50 au TI-84 Plus CE. Ni ghali na madukani kwetu hakipatikani kirahisi, kwa hiyo kiagizwe mapema. Angalizo moja: vile vinavyotatua aljebra vyenyewe, kama TI-Nspire CX II CAS, haviruhusiwi kwenye mtihani. Wapo wanaonunua hicho kwa sababu ni cha bei kubwa zaidi, wakidhani ni bora zaidi.

Lugha ndipo mzungumzaji wa Kiswahili ana turufu ambayo wengi hawaitumii. Kiswahili kimo katika orodha ya IB kwa viwango vyote vitatu: A kwa fasihi, B kwa anayejifunza lugha aliyoigusa tayari, na ab initio kwa anayeanza sifuri. Aliyekulia Tanga au Mombasa asiingizwe ab initio ili aokote 7 ya bure. Kozi hiyo ni ya wasio na msingi wa lugha, na mratibu makini wa IB shuleni atakataa. Njia ya heshima ni Kiswahili A pamoja na Kiingereza A. Ukifaulu yote mawili kwa angalau 3 na kupata diploma, unapewa diploma ya lugha mbili. Fasihi ya SL ina kazi 9 na ya HL kazi 13, pamoja na mtihani wa kuzungumza wa dakika 15 ambao unaunganisha dondoo ya kazi iliyoandikwa katika lugha unayosomea na ya kazi iliyotafsiriwa. Kama shule haina mwalimu wa Kiswahili, ipo njia ya kujisomea kwa usimamizi wa shule, ambayo ni ya SL tu. Uliza swali hili kabla ya kulipa, maana shule isiyotaka usumbufu itakuelekeza Kifaransa ab initio na mambo yaishe.

Sasa kiini cha programu: TOK, insha ndefu na CAS. TOK ni somo la namna tunavyojua tunachojua. Lina insha ya maneno 1,600 na maonyesho ya vitu vitatu yenye maelezo ya maneno 950. Wanafunzi hulilalamikia, na likifundishwa vibaya wana haki.

Insha ndefu ni maneno 4,000 ya utafiti wako mwenyewe chini ya msimamizi anayekupa jumla ya saa tatu hadi tano. Mtahini hasomi neno la 4,001, kwa hiyo hitimisho lililopita kikomo ni kama halikuandikwa. Insha nyingi huharibika kwenye swali. "Athari za utalii Zanzibar" ni mada ya vitabu kumi. Swali la kiasi gani soko la daladala kati ya Mbagala na Kariakoo linafuata tabia ya ushindani kamili linaandikika, kwa sababu una nauli, una njia, na una makondakta wa kuhoji. Kosa la pili ni kuandika insha ya somo usilolisoma HL wala SL kwa sababu mada inapendeza. Vigezo vya somo hutavijua. Insha hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika IB. Aliyeifanya vizuri akifika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hababaishwi na marejeo wala na swali la utafiti.

CAS ni ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, kwa angalau miezi 18, pamoja na mradi mmoja usiopungua mwezi. Haina alama, lakini bila hiyo hakuna diploma. Kuchangisha fedha na kupeleka mchele kituo cha yatima mara moja ukapiga picha hakutoshi. Kinachotakiwa ni ushiriki unaoendelea na tafakuri iliyoandikwa wakati huo huo, si zote usiku mmoja mwezi wa Februari.

Kinachowaangusha wanafunzi wazuri ni msongamano. Kila somo lina kazi ya ndani, IA: sayansi ripoti ya hadi maneno 3,000 yenye asilimia 20 ya alama, uchumi tathmini tatu za maneno 800 kila moja, historia uchunguzi wa maneno 2,200. Zote hizo hukutana kati ya Septemba na Januari ya mwaka wa pili, wakati Oxford, Cambridge na kozi za udaktari Uingereza hufunga maombi Oktoba 15, na vyuo vingi vya Marekani vina tarehe ya mapema ya Novemba 1. Dawa yake inajulikana: rasimu kamili ya insha ndefu ikamilike likizoni kabla ya mwaka wa pili, na IA mbili ziwe zimekwisha kufikia Oktoba. Asiyeweza kujipangia juma lake mwenyewe bila kusimamiwa, hata awe na akili kiasi gani, atateseka. Na kuhusu akili bandia, IB haikuipiga marufuku, ila maandishi yake ukiyawasilisha kama yako, ni udanganyifu. Somo hupata N, yaani halipewi alama, na N moja inatosha kukunyima diploma.

Masharti ya kufaulu yasomwe yote. Alama 24 ni mwanzo tu. HL tatu zifike jumla ya 12 na SL tatu zifike 9. Pasiwe na 1 popote. 2 zisizidi mbili. Na 3 au chini yake zisizidi tatu. TOK na insha ndefu hupewa herufi A hadi E, na E katika mojawapo ni kufeli, hata ukiwa na 35. Bonasi ya herufi hizo mbili nayo ina jedwali lake: A na B huleta 3, C mbili huleta 1, D mbili hazileti kitu.

Ubora wa bidhaa hii hutegemea sana anayeiuza. Shule yenye hadhi ya mgombea tu haiwezi kusajili watahiniwa mpaka iidhinishwe, kwa hiyo hakikisha jina lake limo katika orodha ya IB yenyewe. Eneo letu lina shule zilizokomaa katika kazi hii: International School of Tanganyika jijini Dar es Salaam, UWC East Africa ya Moshi na Arusha, International School of Kenya, Aga Khan Academy za Nairobi na Mombasa, Green Hills ya Kigali. Popote uendapo, omba vitu vitatu: wastani wa miaka mitatu pamoja na idadi ya watahiniwa, orodha ya masomo yanayofundishwa kweli mwaka huu, na tofauti kati ya alama walizokadiriwa wanafunzi na walizopata. Makadirio ya ukarimu hufurahisha Desemba. Julai, aliyeahidiwa nafasi kwa 36 akapata 31 hubaki anatafuta chuo.

Kuhusu fedha, familia isiyo na uwezo isikate tamaa kabla ya kujaribu milango miwili: kamati za kitaifa za UWC (United World Colleges, mtandao wa shule za kimataifa), ambazo huchagua wanafunzi na kuwaunganisha na ufadhili, na Aga Khan Academies, ambazo hutoa msaada kulingana na mahitaji. Yote miwili hufungwa mapema kuliko wazazi wanavyodhani.

Faida huonekana zaidi Marekani. Vyuo vingi huko hutoa krediti, yaani huhesabu kama umeshasoma sehemu ya kozi za chuo, kwa HL za 5 kwenda juu. Chuo Kikuu cha California huhesabu diploma ya alama 30 au zaidi kama krediti, na vyuo vya umma vya Texas hutakiwa kisheria kutoa angalau saa 24 za muhula kwa mwenye diploma, kwa mitihani aliyopata 4 au zaidi. Hiyo ni karibu mwaka mzima wa ada. Ujerumani huangalia mchanganyiko: mojawapo ya HL iwe hisabati au sayansi asilia, na HL tatu za sanaa na jamii zitakukwamisha hata ukiwa na 40.

Mambo yakienda kombo katikati, kuna njia ya kutoka. Mwanafunzi anaweza kuacha diploma kamili na kufanya masomo machache ya IB kwa vyeti vya somo moja moja, bila insha ndefu wala TOK, na vyuo kadhaa vya Marekani na Kanada humpokea hivyo. Anaweza pia kurudia somo kipindi kingine cha mtihani, Mei au Novemba, na alama ya juu ndiyo inayohesabiwa. Mazungumzo hayo na mratibu yafanyike mwishoni mwa mwaka wa kwanza, kabla shule haijasajili watahiniwa na kulipia mitihani.